Jinsi Kompyuta ya Nyumbani Inavyokula Vumbi, na Namna ya Kuilinda

Kompyuta ya nyumbani ikianza kuwa nzito, wa kwanza kulaumiwa ni kirusi. Mashine inabebwa hadi kwa fundi, fundi anapiga Windows upya, mafaili yanahamishiwa kwenye flashi na kurudishwa, hela inalipwa. Haipiti wiki, uzito umerudi uleule. Feni inanguruma hata kama umefungua barua moja tu, na mchana wa jua kali kompyuta inajizima katikati ya kazi. Kabla hujamlipa fundi mara ya pili, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha uangalie hitisinki, lile pande la alumini lenye mapezi membamba linalokaa juu ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kama huoni mwanga ukipenya kati ya mapezi hayo, ugonjwa haukuwa kwenye programu.

Tuanze na jinsi vumbi linavyoingia, maana njia nyingi za kujikinga zinakosea hapo. Tumezoea kuliona likishuka juu ya kabati na meza, tukadhani kompyuta nayo inashukiwa vivyo hivyo. Kabati limetulia, kompyuta inavuta hewa. Feni ya kawaida ya kasha, ile ya milimita 120, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi lake husukuma hewa kiasi cha mita za ujazo 70 hadi 90 kwa saa. Hicho ni kipimo cha feni ikizunguka mahali pa wazi. Ndani ya kasha lenye nyaya na matundu madogo hupungua sana, kwa hiyo tuseme 40. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari la mita 2.7 kina hewa ya mita za ujazo 32 na ushee. Piga hesabu: kila saa unayokaa mbele ya mashine, hewa ya kutosha kujaza chumba kizima imeshapita ndani yake, pamoja na kila kilichokuwa kikielea humo. Ndiyo maana nyumba inayopigwa deki kila asubuhi inaweza kuwa na kompyuta iliyojaa taka. Vumbi si lazima liwe jingi, saa za kazi zikiwa nyingi zinatosha.

Ukilitazama kwa karibu vumbi lililomo ndani ya kasha utakuta ni mchanganyiko: nyuzi za nguo, za zulia na za mapazia, nywele, magamba ya ngozi yetu wenyewe, udongo wa njiani, masizi. Nyuzi na nywele ndizo zinazotangulia. Zinanasa kwenye mapezi na kwenye matundu ya kuingizia hewa, zinajisuka zenyewe kuwa wavu, kisha chembe ndogo za udongo ambazo peke yake zingepita moja kwa moja na kutokea nyuma, zinakamatwa na ule wavu. Kwa hiyo nyumba yenye paka na zulia la manyoya hufunga hitisinki mapema kuliko nyumba yenye sakafu tupu ya saruji, hata kama hii ya pili iko kando ya barabara ya vumbi.

Moshi ni habari nyingine. Chembe za moshi wa udi, wa dawa ya mbu ya kuchoma au wa jiko la mkaa ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata maikromita moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), na hakuna kichujio cha wavu kitakachozizuia. Mabaya zaidi ni mafuta ya kukaangia yanayopanda hewani. Yakikutana na vumbi kavu yanalifanya linate, na vumbi lililonata blowa, ile mashine ya kupulizia hewa, hailiwezi. Mwenye chumba kimoja anayepikia humohumo hana pa kukimbilia, lakini hata yeye anaweza kuizima kompyuta wakati chapati ziko jikoni. Feni isiyozunguka haivuti kitu.

Kinachoharibika hasa

Joto ndilo la kwanza, na hapo ndipo ule uzito unapotoka. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta za nyumbani zimewekewa ukomo wa joto wa karibu nyuzi 100 za Selsiasi. AMD Ryzen za kizazi cha 7000 nyingi huishia 95. Hitisinki ikizibwa, joto hupanda hadi kwenye ukomo huo, na prosesa, badala ya kuungua, hujipunguzia kasi yenyewe ili ipoe. Inafanya hivyo kimyakimya, haikuandikii ujumbe wowote kwenye skrini. Wewe unachokiona ni video inayokwamakwama na programu zinazochelewa kufunguka. Kasi ikishushwa, na joto bado likakataa kushuka, ndipo mashine inajizima. Ukiona inafanya hivyo zaidi mchana, sababu yake ni rahisi: feni haipoozi hewa, inaisukuma tu. Chumba kikitoka nyuzi 24 za alfajiri hadi 34 za saa nane mchana, kila kilichomo ndani ya kasha nacho hupanda kwa karibu nyuzi hizo hizo 10.

Polepole zaidi kuna kapasita, zile kopo ndogo zilizosimama kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) na ndani ya pawa saplai (kisanduku kinachoipa umeme). Zenye maji ndani hukauka kwa joto, na kanuni ya kukadiria wanayoitumia watu wa elektroniki ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, umri wa kapasita unakatika nusu. Kopo lililovimba kichwani limeshakufa. Mashine yenye kapasita za namna hiyo huwaka leo na kesho ikagoma, na mwenye nayo huishia kusema umeme wa mtaani ndio mbaya.

Kitu ambacho vumbi haliwezi kukifikia ni sahani za diski ngumu (hadi diski), zinazohifadhi mafaili. Diski imefungwa, ina kitundu kimoja cha kusawazisha mgandamizo wa hewa, nacho kina kichujio ndani, na ndiyo maana pameandikwa kwamba kisizibwe. Kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, kwa hiyo chembe moja ya vumbi ingekuwa jabali njiani. Fundi yeyote anayekwambia atafungua diski hapo mezani kwake ili aipulize, mnyang'anye.

Vumbi la Dodoma na vumbi la pwani

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, watu wengi walihama na vyombo vyao kutoka Dar es Salaam, na kompyuta zilikuwemo. Mashine ni ileile, lakini imebadilishiwa adui.

Dodoma mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili hivi. Miezi mingine ni ukavu, upepo, viwanja vinavyojengwa na barabara za mitaa ambazo bado ni udongo. Vumbi la huko ni kavu na lina chembe za mchanga. Linaziba, linasaga mahali feni inapozungukia, na ukavu wenyewe unaongeza umeme tuli, ule unaokupiga kidoleni ukivua sweta. Umeme huo hauhisiki mpaka ufike volti elfu mbili au tatu, ilhali baadhi ya chipu huumizwa na volti zisizofika hata mia. Halafu mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo feni ileile inabeba joto kidogo kuliko ilivyobeba Magomeni, Dar es Salaam. Si tofauti ya kukukosesha usingizi, ila kwa mashine iliyokwisha kuziba nusu, ndiyo inayoimalizia.

Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja, Dar na Mtwara, shida ni chumvi na unyevu. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani na kuyeyuka unyevu ukifika asilimia 75, na usiku wa pwani kufika hapo si ajabu. Chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, ambayo haisubiri hata hapo. Asilimia 33 inaitosha. Vumbi lenye chumvi likilowa linapitisha umeme, kidogo tu, lakini kati ya miguu miwili ya chipu iliyo umbali wa nusu milimita, kidogo hicho kinatosha kuvuruga mambo na kuanza kula shaba.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanalielewa kinyume. Kompyuta inayowashwa kila siku pwani ina kinga yake: ndani ni joto, na hewa yenye joto hukausha. Iliyo hatarini ni ile iliyozimwa miezi miwili mwenyewe akiwa safarini, vumbi likiwa limo ndani, masika yakaipitia hapo kwenye kona. Kwa sababu hiyo, ukijua utaiacha muda mrefu, isafishe kabla ya kuiacha. Na ukihamisha mashine kutoka bara kwenda pwani, usisafiri na udongo wa bara tumboni mwake; ukifika huko unapata unyevu.

Dalili ya kawaida ya shida hiyo ni kompyuta inayolia mlio tu ikiwashwa, skrini ikabaki nyeusi. Mafundi wengi huchomoa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, wakasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa shule, wakairudisha, ikawaka. Inasaidia kweli, ingawa mara nyingi kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka tena. Dhahabu ile ni nyembamba, haifiki maikromita moja, na ufutio una chembe za kukwangua. Kitambaa laini kilicholoweshwa spiriti safi kinafanya kazi hiyo bila kuila. Ukibaki na ufutio tu, sugua taratibu na usiifanye kuwa desturi.

Kitambaa, mahali pa kuiweka, na vichujio

Nyumba zetu zina vitambaa vya kufuma. Kipo cha redio, kipo cha televisheni, na kompyuta ilipoingia nayo ikapata chake. Sina ugomvi na kitambaa. Ugomvi wangu ni na kitambaa kilichobaki juu ya mashine inayowaka, kikiwa kimening'inia hadi kwenye matundu ya nyuma. Hapo umeikinga na vumbi la wiki moja ukaipa joto ambalo vumbi lingehitaji mwaka kulileta. Funika ikiwa imezimwa na imeshapoa, funua yote kabla ya kuwasha. Tena kitambaa chenyewe kifuliwe, maana kikijaa vumbi kila ukikifunua unalikung'utia hapohapo.

Mahali pa kuiweka panaleta tofauti kubwa kuliko kifaa chochote utakachonunua. Iondoe sakafuni. Ufagio, nyayo na watoto vinanyanyua vumbi, na nyingi ya chembe nzito hazipandi juu sana, hivyo kasha lililo juu ya meza linakula kidogo kuliko lililo chini ya meza hiyohiyo. Isikae mbele ya dirisha linalotazama barabara, wala isisukumwe ukutani mpaka matundu ya nyuma yakaziba. Acha nafasi ya kiganja. Kunyunyiza maji kabla ya kufagia, kama tulivyofundishwa tangu zamani, ni kinga halisi ya kompyuta. Deki ni bora zaidi.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye mwelekeo wa hewa, sehemu ambayo hata mafundi wengine huiruka. Kasha lenye feni za kutoa hewa tu huwa na upungufu wa mgandamizo ndani, na hewa ya kufidia huingia popote penye upenyo: kwenye mlango wa CD, kwenye matundu ya USB, kwenye kile kibati cha nyuma kilichopotea siku kadi ilipobadilishwa. Hewa hiyo haipiti kwenye kichujio chochote. Feni za kuingiza zikizidi za kutoa, mambo yanageuka: hewa inaingia kupitia njia moja uliyoiwekea kichujio, na kwenye nyufa nyingine zote inatoka. Kupima ni rahisi. Washa kijiti kimoja cha udi, kisogeze kwenye ufa wowote kompyuta ikiwa inafanya kazi, utazame moshi. Ukivutwa ndani, hapo ndipo vumbi lako linapoingilia. (Najua nimeusema vibaya moshi wa udi hapo juu, wa dakika moja hauna neno.) Vibati vilivyopotea vinaweza kuzibwa kwa kipande cha karatasi ngumu na gundi ya utepe, kazi ikaisha.

Kichujio cha kujitengenezea, kwa mfano kipande cha soksi ndefu ya kike kilichovutwa juu ya matundu ya mbele, kinafanya kazi vizuri kwa nyuzi na nywele. Lakini kinapunguza hewa tangu siku ya kwanza, na kikisahaulika miezi mitatu kinakuwa kizibo. Anayejijua kwamba hatakumbuka kukisuuza, asikiweke.

Kusafisha kwenyewe

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kuzima peke yake hakutoshi: mashine iliyozimwa lakini imechomekwa bado ina volti 5 za kusubiri kwenye mazabodi. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote, na urudie kila unapoinuka na kurudi. Itoe nje, barazani au uani, vaa barakoa. Vumbi unalolitimua chumbani litarudi humohumo kupitia feni kesho yake.

Blowa ya umeme ya mkononi wanayoitumia mafundi inatosha, ikishikwa mbali kidogo na kupulizwa kwa vipindi. Kompresa ya gereji ya kujazia matairi usiitumie. Tangi lake hukusanya maji, mara nyingi na mafuta, na mgandamizo wake wa baa 8 hivi unang'oa vitu. Kopo za hewa zinazouzwa madukani hazina hewa, zina gesi iliyogandamizwa kuwa maji, nyingi zikiwa za kushika moto; ukiinamisha kopo inatoka majimaji ya baridi kali. Mashine ya kunyonya vumbi ya zulia nayo huzalisha umeme tuli kwenye mdomo wake wa plastiki, basi iishie kwenye matundu ya nje. Brashi ya rangi iliyo mpya na laini, ya nywele na si ya nailoni, inafanya maajabu kwenye mapezi.

Unapopuliza, zuia feni isizunguke kwa kidole au kijiti. Ikizungushwa na upepo inapita kasi iliyotengenezewa na kuharibu mhimili wake, na mota inayozungushwa kutoka nje huzalisha umeme inaoweza kuurudisha kwenye mazabodi. Pawa saplai ipulizwe kupitia matundu yake tu. Isifunguliwe: umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa humo ndani unakaribia volti 320, na kapasita zake zinaweza kuushikilia hata baada ya waya kuchomolewa.

Pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na hitisinki haihitaji kubadilishwa kila ukisafisha. Kwenye mashine ya mtumba yenye miaka mingi, ambayo bado inachemka baada ya vumbi kutoka, ndipo ubadilishe. Kiasi cha punje ya choroko kinatosha. Kama prosesa ni AMD ya soketi (kiti cha prosesa) ya AM4, iwashe kwanza ipate joto, izime, kisha izungushe hitisinki kidogo huku na huku kabla ya kuinyanyua. Pesti iliyokauka huweza kuing'oa prosesa pamoja na miguu yake.

Mpakato (laptopu) lina mtego wake. Feni yake hutupa hewa ubavuni kupitia mapezi madogo yaliyosongamana, na vumbi halikai juu ya mapezi hayo, linakaa nyuma yake, katikati ya feni na mapezi. Linajisuka pale mpaka linakuwa kipande kizima, laini na cha kijivu, kama kilichokatwa kwenye blanketi. Ukipuliza kutoka nje unakirudisha tu kwenye feni. Baada ya dakika kumi za kazi kimesharudi mlangoni. Lazima mfuniko wa chini utoke, kifuniko cha feni kifunguliwe, na kipande hicho kichomolewe kwa koleo ndogo. Skrubu za chini hazilingani urefu, kwa hiyo zipange juu ya karatasi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka. Ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa juu. Na mpakato likitumiwa juu ya kitanda, shuka huziba matundu ya chini na nyuzi zake ndizo zinazokuja kuwa lile blanketi. Sinia au ubao chini yake unatosha.

Ratiba? Sipendi za kalenda. Weka programu ya bure ya kupima joto, Core Temp au HWiNFO kwenye Windows, uandike nyuzi zinazosomeka mashine ikiwa safi: ikitulia na ikifanya kazi nzito. Zikipanda kumi au kumi na tano kwa kazi ileile na chumba chenye joto lilelile, fungua. Kwa nyumba ya Dodoma iliyo kwenye barabara ya udongo hilo linaweza kutokea baada ya miezi mitatu; ghorofani Upanga inaweza kuchukua mwaka.

Ukienda kununua kompyuta ya mtumba, mwombe muuzaji afungue ubavu kabla hamjaelewana bei. Vumbi la kijivu lenye nyuzi ni la ofisi yenye zulia, halina shida, litapulizwa. La kahawia linalonata na lenye harufu limetoka kwa mvuta sigara au jikoni, na haliishi. Kutu kwenye skrubu na ukungu wa kijani kwenye shaba vinakwambia mashine imelala mahali penye unyevu. Iache, hata bei ikishushwa. Ikiwa imepulizwa ikang'aa kabisa, angalia ndani ya matundu ya pawa saplai kwa tochi ya simu, kwa kuwa hapo wauzaji wengi hawafiki.